Ndoo, kopo au chupa ya kioo: kupanga jiko la nyumba ya watu tisa

Jiko letu hapa Tabata linalisha watu tisa: mimi na mume wangu, watoto wanne, mama mkwe, shemeji anayesoma chuo, na dada anayenisaidia kazi. Chumba chenyewe hakifiki mita tatu kwa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi anayechemsha chai, anayefunga chakula cha shule na anayetafuta kijiko wanakutana wote mbele ya kabati moja, na sukari ikiwa imewekwa pasipo pake, kelele zinafika kwa jirani.

Nimehama nyumba tatu tangu niolewe, na karibu kila aina ya chombo cha kuhifadhia kinachouzwa Kariakoo imepita mikononi mwangu. Zamani nilikuwa naulizia kipi ni imara. Siku hizi najiuliza kwanza kama kitu ninachotaka kukiweka ni cha akiba au ni cha kuchota. Mfuko wa mchele wa kilo 25 ulionunuliwa mwisho wa mwezi ni akiba. Mchele wa leo mchana ni wa kuchota. Wengi tunataka chombo kimoja kifanye kazi zote mbili, na hapo ndipo fukusi, sisimizi na ugomvi wa jikoni huanzia. Kwa hiyo ulinganisho huu wote nimeupima kwa kipimo hicho.

Ndoo yenye mfuniko

Kwa akiba ya nyumba ya mjini sijaona cha kuishinda ndoo ya lita 20, hasa ile iliyokuja na mafuta ya kupikia. Mfuniko wake ulitengenezwa usivujishe mafuta safarini, kwa hiyo unabana kuliko mifuniko ya ndoo nyingi mpya. Panya haipenyi kirahisi, na maji yakimwagika sakafuni kilichomo ndani kinabaki kikavu. Shida yake ni harufu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili tatu, iache wazi kivulini siku nzima au mbili, kisha ingiza kichwa unuse. Ikiwa bado inanukia mafuta, tia maharage. Usitie unga, kwa sababu unga hunyonya harufu na utaila kwenye ugali.

Ndoo ya rangi ya nyumba, hata ukiisugua ikang'aa, si ya chakula. Najua inauzwa rahisi na najua jirani anayo. Ukigeuza ndoo utaona chini yake alama ya pembetatu yenye namba: 2 na 5 ni plastiki zinazotumika sana kwa vyombo vya chakula, lakini namba hiyo inakuambia plastiki ni ya aina gani tu. Haikuambii ndani yake kulikaa nini.

Kabla ya kununua, jua ndoo inabeba kiasi gani. Watu wengi hudhani lita 20 ni kilo 20, halafu wanabaki na mfuko uliofunguliwa usio na pa kwenda. Hivi ni vipimo vya kukadiria:

| Kitu | Lita 1 | Ndoo ya lita 20 |
|---|---|---|
| Mchele | gramu 800 hivi | kilo 16 |
| Sukari | gramu 850 hivi | kilo 17 |
| Maharage makavu | gramu 750 hivi | kilo 15 |
| Unga (sembe au ngano) | gramu 550 hadi 600 | kilo 11 hadi 12 |

Mfuko wa mchele wa kilo 25, basi, unataka kama lita 30. Mimi najaza ndoo moja kilo 16, kopo la kuchotea la lita 10 linachukua kilo 8, na kilo inayobaki tunaipika siku hiyohiyo. Nyumba ya watu tisa kilo moja haipati hata muda wa kupoa. Unga ndio mwepesi unaokula nafasi: kilo 25 za sembe hazienei kwenye ndoo mbili. Ndiyo maana unga nanunua kilo 10, hata kama mfuko mkubwa una unafuu. Na kama nyumbani mnakula dona, msilimbikize kabisa. Dona ina kiini cha hindi, kiini kina mafuta, na mafuta hayo huchacha upesi kuliko sembe iliyokobolewa.

Kasoro ya ndoo inaonekana ukiigeuza ya kuchotea. Jiko lina mvuke wa chai na wa ugali, mfuniko unafunguliwa mara nne kwa siku na kuachwa nusu wazi. Siku moja nilifungua ndoo ya ngano nikakuta kikombe cha kuchotea kimeshikwa na unga kama kimejengewa kwa saruji. Kumbe kilikuwa kimeoshwa vizuri sana, kikarudishwa ndani bila kufutwa maji. Pembeni mwa ndoo kulikuwa na mstari wa mabonge ya kijivu unaozunguka pande zote. Ndoo haikuwa na kosa. Ilikuwa inafanya kazi isiyo yake.

Debe na mifuko ya tabaka tatu

Debe la bati tulilirithi kwa bibi zetu, na kwa nyumba ya Njombe au Iringa bado ni chombo kizuri. Pwani ni habari nyingine. Dar, Tanga au Mombasa upepo wa bahari una chumvi, na debe linaanza kutu kwenye mshono wa chini, pale usipopaona mpaka unga utoke na vipande vyekundu. Mimi debe langu nimeweka mkaa.

Kama mnaletewa gunia zima kutoka kijijini, iangalieni mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusokotwa nje. Kila mmoja unafungwa peke yake kwa kukazwa. Wadudu waliomo wanamaliza hewa ya ndani na kufa, bila dawa yoyote. Ni akiba halisi, yaani ukiufungua kila siku umeufanya gunia la kawaida la bei ghali. Na hauokoi nafaka mbichi. Mahindi yasiyokauka ukiyafungia humo yataota ukungu, na ukungu huo ndio unaotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kuna kipimo cha chumvi ambacho kila nyumba inaweza kukifanya: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, funika, tikisa dakika moja, halafu iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Makopo ya plastiki ya kubana

Haya ndiyo ya kuchotea. Ni mepesi, unaona kilichomo, mtoto wa darasa la pili anaweza kujifungulia na kujifungia. Yale yenye vibano vinne pembeni yanabana kweli yakiwa mapya. Baada ya miezi kadhaa kibano kimoja kinakatika, na kopo la vibano vitatu ni kopo la kawaida lenye kiburi. Angalia pia ule mpira ulio ndani ya mfuniko: utoe uoshe, maana sukari inajificha humo na sisimizi wanajua. Bizari itayatia rangi ya njano isiyotoka, kwa hiyo chagua moja liwe la bizari maisha yake yote.

Ukinunua, nunua ya pembe nne na ya kimo kimoja. Makopo ya mviringo yakipangwa kwenye rafu yanaacha karibu sehemu moja ya tano ya nafasi ikiwa haina kazi. Kwenye jiko kubwa hilo halisumbui. Kwenye langu, sehemu ya tano ya rafu ni mahali pa chupa ya chai.

Na kopo la Blue Band? Kwa chumvi na majani ya chai linatosha kabisa, sitaki mtu alidharau. Tatizo lake ni moja tu: mkiwa nayo sita yanayofanana, asubuhi ya Jumatatu mtu atatia chumvi kwenye chai. Bandika plasta nyeupe, andika kwa kalamu ya wino mzito, upande wa mbele. Ukiandika juu ya mfuniko, mifuniko itabadilishana siku ya kuosha vyombo.

Chupa za kioo

Ningekuwa naishi peke yangu, jiko langu lote lingekuwa kioo. Kioo hakishiki harufu, hakishiki rangi, panya hawezi kukiguguna, na kikioshwa kinarudi kipya. Nilinunua sita zenye mifuniko ya mbao, nikazipanga mstari mmoja, nikapiga picha. Mama mkwe alizitazama akaniambia, "Mwanangu, hivyo ni vya kutazama. Sukari kwenye nyumba ya watoto haikai kwenye kioo."

Zilidumu mpaka wiki ya pili ya likizo. Mwanangu mdogo wa miaka mitano alipanda kiti, akaivuta ya sukari. Yeye hakuumia, alhamdulillah, lakini jaribu kutenganisha vigae vya kioo na chembe za sukari sakafuni, vyote vinang'aa sawasawa. Kilo mbili zilikwenda jalalani, na kwa siku tatu hakuna aliyeingia jikoni bila kandambili.

Kwa hiyo kioo nimekiachia viungo. Chupa tupu za jamu au achari zinatosha, huna haja ya kununua. Iliki, mdalasini na karafuu nzima zinakaa muda mrefu, za kusagwa nunua kidogokidogo. Na ziweke mbali na jiko. Karibu kila nyumba ninayokwenda, viungo viko kwenye kirafu juu ya jiko la gesi, palepale penye joto, mvuke na mwanga, vitu vitatu vinavyoviua haraka.

Neno moja kuhusu fukusi kabla sijatoka hapa. Mara nyingi tunalaumu chombo bure. Fukusi hutaga mayai ndani ya punje au juu yake, na mchele au maharage yanaweza kuja nayo kutoka sokoni. Chombo kinachobana kinazuia wapya wasiingie na waliomo wasihamie kwenye ngano, basi. Kama friji lenu lina sehemu ya kugandisha, laza mchele humo siku nne kabla ya kuutia kwenye ndoo, na uuache urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado umefungwa, usije ukapata jasho. Karafuu chache ndani ya ndoo zinawachukiza wadudu lakini haziwaui. Mimi bado nazitia, kwa mazoea na kwa harufu.

Rafu wazi au kabati la milango

Hapa ndipo mume wangu na mimi tulipogombana. Yeye alitaka makabati ya milango ukuta mzima, kila kitu kisionekane. Mimi nilitaka rafu.

Rafu wazi inakuonyesha sukari imebaki kiasi gani bila kumuuliza mtu. Mende hawapati giza la kuishi. Vyombo vinakauka. Lakini ukipika chapati na samaki wa kukaanga kila wiki, baada ya mwezi kila kitu kilicho juu ya rafu kina utando wa mafuta ulioshika vumbi, na kitu kisichoguswa kwa wiki mbili utakiosha kabla ya kukitumia. Kabati linaficha na kukinga, ila linaficha hata pakiti tatu za tambi ulizonunua kwa kusahau kwamba unazo.

Mwishowe tuligawana: sehemu iliyo kati ya kiuno na macho ni rafu wazi, na inakaa vinavyoshikwa kila siku tu. Vyote vilivyo juu au chini ya hapo vimefungiwa milango. Utando wa mafuta hauna nafasi kwenye kikombe kinachooshwa mara tatu kwa siku. Rafu ya chini kabisa, mtoto anapofika, ina vikombe na sahani za plastiki za watoto. Tangu tuhamishe vikombe hivyo kutoka juu, sijaitwa kumpa mtu maji.

Kuhusu kabati lenyewe: la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni zuri kwa macho na rahisi kwa bei, lakini chini ya sinki halifai. Bomba likivuja kidogo tu, ubao unavimba kama mkate kwenye chai na haurudi. La aluminiamu na kioo haliliwi na mchwa wala halivimbi, ingawa milango yake hupiga kelele na reli hujaa uchafu. La mbao, kwa fundi wa Keko au wa mtaani kwenu, ndilo la kudumu, mradi mbao ziwe zimekauka na uweze kungoja. Fundi akisema wiki, hesabu mwezi. Kwangu chini ya sinki ni aluminiamu, kwingine mbao. Mpangaji asijenge kitu, anunue stendi ya chuma iliyopakwa rangi vizuri, atakayohama nayo.

Makabati ya chini huwa ni marefu kwenda ndani, na kilicho nyuma kinasahaulika mpaka kiharibike. Hakuna haja ya droo za gharama. Weka beseni la pembe nne, panga vitu ndani yake, ukitaka cha nyuma unavuta beseni zima.

Masufuria

Sufuria zetu hazina mikono, na hilo ni jambo la kushukuru: zinaingiana, seti ya saba inakaa mahali pa moja. Ila ukitaka ya nne unainua tatu, na saa kumi na mbili asubuhi hiyo ni kengele ya kuwaamsha wote. Toa zile mbili mnazopikia kila siku zikae peke yake karibu na jiko. Nyingine zibaki kwenye mnara wao. Ya shughuli, ile inayotosha kilo 10 za pilau, iwe juu ya kabati na ndani yake weka mbuzi ya nazi, kawa na chujio kubwa. Sufuria tupu juu ya kabati ni nafasi iliyolala.

Vitunguu na viazi

Zamani vilining'inizwa kwenye rambo nyuma ya mlango. Tangu Juni 2019 rambo zilipopigwa marufuku Tanzania, wengi tumehamia kwenye stendi ya chuma ya ngazi tatu, na kwa kweli ilikuwa faida, kwa sababu kitunguu kwenye rambo kilikuwa kinatoka jasho na kuota. Kikapu cha ukili kinapitisha hewa vizuri vilevile na ni cha bei nafuu, lakini viazi vikioza ndani yake harufu haitoki. Vyovyote utakavyochagua, vitenganishe. Kitunguu kinataka hewa, kiazi kinataka giza, na vikikaa pamoja viazi vinaota na vitunguu vinaoza upesi. Kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina sumu, kikate sana au kitupe. Nyanya zisizoiva sawasawa ziache nje, friji linaziua ladha.

Visivyo chakula

Mtungi wa gesi usiufungie kwenye kabati lisilo na matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni na kujikusanya humo. Mafuta ya taa na dawa ya kufulia visikae jikoni kabisa, na hasa visikae kwenye chupa ya maji au ya soda. Hapo sina cha kulinganisha.

Kontena na mifuniko yake

Mabaki ya chakula na maharage ya kuchemsha tunaweka kwenye kontena za plastiki. Seti ya saizi saba tofauti inavutia dukani, lakini nyumbani inakuwa mchezo wa kutafuta mfuniko. Kontena nane za saizi moja ni bora mara mia: mfuniko wowote unafunika lolote. Maharage ya kilo mbili yakichemshwa Jumapili yanajaza tano, moja inabaki friji, nne zinaganda, na kila moja ni mboga ya jioni moja kwa sisi wote.

Kontena lililokwenda msibani au kwenye arobaini likiwa na pilau, ujue mfuniko haurudi. Mama mkwe ana dawa yake. Kila chombo chake, kuanzia bakuli hadi upawa, kina tone jekundu la rangi ya kucha chini. Juzi tulikuwa kwenye shughuli mtaa wa pili, akageuza sahani ya wali aliyoletewa, akaona tone lake, akaishikilia mapajani mpaka tukaondoka. Ilikuwa imepotea miaka miwili.